Kuku wa Mama Wamegoma

2 Machi
Mayai saba. Mvua ya kwanza imeshuka leo mchana, ikanikuta njiani nikitoka kazini, nikafika nyumbani nikiwa kama mashuka ninayoyafua kule hospitali. Daftari hili lilikuwa la mama. Nusu ya kwanza ni mwandiko wake: tarehe, idadi ya mayai, basi. Miaka minne, na hakuna neno hata moja la kulalamika. Mimi si mama. Nimeamua kuandika kwenye kurasa alizoziacha, na nikiona la kulalamikia nitalalamika.

3 Machi
Saba.

5 Machi
Sita. Leo nimeketi nikaipanga nyumba hii kichwani, maana nimerudi kuishi humu nikiwa na miaka arobaini na moja na bado najiona mgeni. Vyumba vyetu na jiko vinatazama barabarani. Chumba cha kazi cha baba peke yake ndicho kinachotazama uani, na banda la kuku limeegemea ukuta wake, chini kabisa ya dirisha. Baba ni fundi saa. Hakuna anayeingia mle. Tangu nikiwa mdogo sheria ni hiyo hiyo: vumbi linaua saa, na skrubu ikidondoka ukaikanyaga wewe, usiku huo utakiona cha moto. Akishaingia hufunga mlango na kuziba chini kwa kitambaa kilichokunjwa. Jua likizama nasikia swichi ya taa yake kupitia ukutani, ta! Saa nne naisikia tena, ta! Ndipo nami nazima yangu nalala. Hatuna saa nyingine tunayoiamini zaidi ya hiyo.

Shangazi, dada yake mkubwa baba, alihamia wiki mbili baada ya mazishi ya mama. Alikuja na mabegi mawili na maoni mengi.

9 Machi
Tano. Jana tano vilevile. Nimewaongezea pumba.

10 Machi
Nne. Mvua.

14 Machi
Matatu, na moja lina ganda laini, limepasuka mkononi. Nimepekua banda zima nikiwa nimepiga magoti. Hakuna tundu la panya. Hakuna maganda, kwa hiyo hawajifundishi kula mayai yao. Nimewageuza mmoja mmoja kutafuta utitiri chini ya mbawa, sijaona kitu. Nimetafuta na kwenye magugu nyuma ya pipa la maji, maana kuku mwingine huamua tu kukuficha. Hakuna. Wako tisa, wazima, wananitazama kwa jicho moja moja kana kwamba mimi ndiye ninayedaiwa maelezo.

Karani, yule mwenye madoa ambaye mama alimpa jina kwa vile akiparura chini utadhani anaandika barua, hajataga tangu Jumatatu. Karani! Huyo mama alikuwa akisema anataga hata siku ya msiba.

16 Machi
Mawili. Mwalimu mstaafu amekuja tena kuulizia saa yake ya mkono. Baba amemjibu akiwa mlangoni, hata karibu hakumwambia. "Kipuri hakijafika." Mwalimu akasema kwa upole kwamba alikuja Januari kwa kubadilisha mkanda tu. Baba akafunga mlango. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka. Huyu mzee zamani alikuwa akiwapa wateja kiti. Tangu mama aondoke amekuwa na gubu la ajabu: ukisogeza kiti nusu hatua anafoka, ukiweka kikombe pasipo pake anafoka. Gazeti halisomi tena, shangazi ndiye anayemsomea kila asubuhi kama mtoto, naye anasikiliza huku amefumba macho. Uvivu wa uzeeni, na shangazi anaudekeza.

19 Machi
Moja. Siku mbaya. Mvua ilikuwa kubwa, nikawaruhusu kuku wajikinge kwenye baraza ya nyuma. Baba akatoka. Karani akampita katikati ya miguu, baba akayumba na kujigonga paji la uso kwenye fremu ya mlango. Si jeraha kubwa. Lakini shangazi alipiga ukelele nikadhani nyumba inaungua.

"Hawa kuku waondoke! Leo hii!"

"Shangazi, ni kuku tu. Amepita."

"Nimesema waondoke. Kwani wanataga? Yai moja kwa kuku tisa! Tunafuga midomo."

Nikamwambia ni kuku wa mama. Nikamwambia na mengine ambayo siyaandiki. Baba alikuwa ameshika paji la uso, akakata shauri kama anavyokata mambo yake yote, kwa kipimo. "Mama yako aliniomba wasichinjwe maadamu wanataga. Sawa. Mvua zikikatika na bado hawatagi, wataenda sufuriani. Wakitaga, watabaki. Basi, nisisikie tena kelele."

Mama hakuacha kitu kingine kinachopumua. Nguo zake shangazi alizigawa. Kitanda chake nakilalia mimi. Hawa tisa ndio waliobaki wakiijua sauti yake, na sasa maisha yao yamefungwa kwenye mawingu.

25 Machi
Hakuna. Nimeomba ruhusa kazini nikamleta bwana mifugo. Kijana mpole, buti zimemzidi miguu. Amewapima Karani na wenzake tumboni kwa vidole, akaonja pumba kwa ulimi, jambo ambalo sijawahi kuona mtu akifanya. Akasema hawaumwi. Si wazee wa kukoma. Chakula kinatosha, niongeze maganda ya mayai yaliyosagwa tu.

"Hapo linabaki moja, dada. Mwanga. Kuku hutaga akiona siku ni ndefu. Siku ikifupika, au wingu likakaa, mwili wake unasema huu si wakati wa kulea. Anafunga kazi."

"Mbona mvua za mwaka jana mama aliandika saba, nane?"

Akakuna kichwa. "Basi mwaka jana walikuwa na mwanga kutoka mahali."

Nimeyapeleka maneno hayo mezani jioni. Baba akacheka, mara ya kwanza tangu sijui lini. "Mwanga? Kamwambie bwana mifugo wako kwamba kuku wa nyumba hii wanalala na taa yangu mpaka saa nne. Unafikiri meza yangu niliisogeza dirishani kwa nini? Mama yako ndiye aliyetaka. Alisema taa yangu imulike saa na kuku pamoja, isipotee bure." Akapapasa mkate, shangazi akausukuma mpaka ukagusa vidole vyake. "Mwanga wanao. Watafute sababu nyingine."

Kwa hiyo mwanga sio. Nimeufuta.

29 Machi
Hakuna.

30 Machi
Hakuna. Mvua usiku na mchana.

2 Aprili
Hakuna, na sasa wananyonyoka manyoya. Banda limejaa manyoya kama mto uliopasuka. Wengine shingo tupu, wengine mkia hakuna, wamejikunyata. Sina hamu hata ya kuwatazama.

6 Aprili
Nimefanya jambo la kijinga. Nimekuwa nikimwona shangazi akiingia jikoni alfajiri kabla yangu, na sahani ya baba asubuhi huwa na yai lililochemshwa na kumenywa tayari, limekatwa vipande vinne. Mayai ya dukani, alisema. Leo nimeshindwa kujizuia.

"Shangazi, kuku wanataga au hawatagi? Maana baba anakula mayai."

"Unaniita mwizi?"

"Nauliza tu."

"Hukuuliza."

Akaenda chumbani kwake akarudi na trei ya dukani yenye mhuri, mayai kumi na nane, akaiweka mezani taratibu. Hakupandisha sauti. Afadhali angefoka. Nikasema nisamehe, akasema yamekwisha, lakini hayakwisha. Jioni alimkatia baba nyama vipande vidogo vidogo, akamjazia chai nusu kikombe, hakunitazama kabisa. Nami badala ya kunyenyekea nikawaza: mwanamume mzima anakatiwa nyama! Nina roho mbaya mimi wakati mwingine.

11 Aprili
Hakuna.

18 Aprili
Shangazi hajasema kitu, baba hajasema kitu, ni mimi. Nilitaka kujua. Bwana mifugo alisema ukimfungua kuku unaona: anayetaga ana viini vimepangana ndani, kikubwa mpaka kidogo. Nikamchagua Karani kwa vile ndiye aliyeacha kwanza. Nimemchinja mwenyewe. Ndani kulikuwa na vijipunje vidogo kama mtama, vimekauka, na hakuna zaidi. Si mzee, si mgonjwa. Alifunga kazi tu, kama alivyosema yule kijana.

Baba amekula akasema nyama laini. Mkono wake ulizunguka sahani kutafuta kipande cha mwisho nacho kilikuwa mbele yake. Nililia nikiosha sufuria. Mama angeniuliza nimejifunza nini.

19 Aprili
Wanane.

27 Aprili
Naandika nikiwa jikoni, nguo bado zimelowa.

Shangazi amelala na mafua tangu mchana. Kiasi cha saa mbili usiku mvua ilizidi, nikasikia mbao zikigonga uani. Mlango wa banda. Huwa sitoki nyuma jua likizama, nawafungia mapema narudi mbele, na mvua hizi zote sijawahi kukanyaga uani kukiwa na giza. Leo nikatoka na mwavuli. Nilikwenda nikitegemea taa ya baba, maana swichi nilishaisikia, ta!, saa moja iliyopita.

Uani kulikuwa giza totoro. Dirisha lilikuwa wazi kama siku zote, na ndani yake hakuna hata cheche. Nikapapasa mlango wa banda nikaufunga kwa waya. Kuku walikuwa kimya. Nikadhani baba amelala mezani. Halafu nikamsikia anaimba, kale kawimbo kake kasikokuwa na maneno, na chuma kinagusa chuma. Alikuwa anafanya kazi.

Nikazunguka ndani nikabisha. Chuma kikaacha kugusa chuma. "Nani?"

"Mimi, baba. Maji yameingia bandani, nilikuja kukwambia."

"Haya ingia, ingia upesi. Vumbi."

Nikaingia, akanisikia nikifunga. Sikuona hata mkono wangu mwenyewe.

"Usisogee," akasema. "Nimeangusha skrubu. Iko hapo karibu na miguu yako. Wewe una macho mazuri, nitafutie. Taa si hiyo hapo, inawaka."

Nilitaka kusema, baba, taa haiwaki. Nikapiga magoti. Nikaanza kupapasa sakafu kwa viganja, gizani, nikiwa nimefumbua macho yote mawili, naye kiti chake kikilia juu yangu.

"Umeiona?"

"Bado, baba."

"Ni ndogo. Usiione ndogo ukaidharau."

Niliendelea kupapasa mpaka akasema basi, acha, utaitafuta kesho. Nikatoka nikakaa jikoni. Kila kitu kilikuja kwa pamoja, kiti, kikombe, gazeti, mkate, yai la vipande vinne. Nimeishi na baba yangu miezi yote hii nikimwita mvivu.

28 Aprili
Nilimpelekea shangazi uji kitandani nikakaa pembeni yake.

"Haoni," nikasema.

Akapokea bakuli. "Tangu mama yako yu hai. Jicho la kushoto lilitangulia. Sasa hata mchana na usiku anabahatisha kwa joto la jua. Daktari alisema alichelewa."

"Na hamkuniambia."

"Aliniapisha. Alisema fundi asiyeona si fundi, na ukijua wewe utaacha kazi ukae umshike mkono." Akakohoa. "Kuku niliwakataa kwa sababu hiyo. Siku ile ya fremu kidogo avunjike shingo. Mimi sina ugomvi na kuku wa mama yako, mwanangu. Na yeye nilimpenda."

Nikamwomba msamaha upya, na safari hii alinishika mkono. Nikamwambia habari ya balbu. Hakuwa anajua, yeye naye haingii mle. Akaweka bakuli chini akajifunika shuka usoni.

Baba alipokuwa bafuni niliingia chumbani mwake. Balbu ilikuwa nyeusi ndani kama sufuria. Nimeweka mpya, nikaijaribu, nikaizima. Lenzi yake ya jichoni imepangwa pale pale, na vibano kwa ukubwa, na bisibisi. Kwenye droo kuna bahasha za wateja, ishirini na mbili. Ya mwalimu iko juu. Mkanda wa zamani bado uko juu ya saa. Mezani kuna saa moja tu iliyofunguliwa, ya mama; ndiyo anayoifungua na kuifunga kila jioni.

Jioni: ta! Nimekimbia uani kwenye matope bila viatu. Mwanga ulikuwa umetanda banda zima, na wale wanane wamenyanyua vichwa.

5 Mei
Hakuna.

9 Mei
Hakuna. Manyoya mapya yanachipua shingoni, yamesimama kama miiba. Leo jua limetoka kutwa.

12 Mei
Siku tatu bila tone. Baba akiwa mezani: "Mvua zimekatika."

Nikajua kinachofuata. "Bado baba, wingu lipo."

"Sisikii tone tangu Jumamosi. Nilisema nini? Dada, Jumapili uanze na mmoja."

Shangazi alinitazama, mimi nikamtazama. Alisema kuku bado wana miiba ya manyoya, watasumbua kunyonyoa. Alisema mafua hayajamwacha. Yeye aliyeapa wangeondoka siku hiyo hiyo! Baba akakunja uso. Hapendi visingizio, na ahadi kwake ni kama majira ya saa, haisogezwi.

"Nipe siku kumi," nikasema.

"Kwa nini kumi?"

Balbu sikuweza kuitaja. Nikasema, "Kwa ajili ya mama."

Alizungusha kikombe kwenye kisahani chake. "Kumi," akasema. "Nazihesabu."

15 Mei
Hakuna. Saba zimebaki.

17 Mei
Hakuna. Bi Mkubwa, yule mweupe, kilemba chake cha kichwani kimeanza kurudia wekundu. Sithubutu kufurahi.

19 Mei
Hakuna. Shangazi amekuja uani kabla sijaamka, nimemkuta amechuchumaa mbele ya viota, anawasihi.

21 Mei
Moja.

Nilikuta bado lina joto. Sikupiga kelele. Nililikunja kwenye upindo wa nguo nikalipeleka mezani, baba akiwa anasomewa gazeti, nikaliweka kiganjani mwake na kumfunga vidole.

Uso wake ulifunguka. "La leo?"

"La sasa hivi. La Bi Mkubwa."

Akalipima kwa mkono, akalipitisha shavuni. Shangazi aliacha kusoma. Halafu nikauona uso wa baba ukibadilika taratibu, nikajua anapiga hesabu. Huyu ni mtu aliyekaa miaka arobaini akitafuta kwa nini kitu kimesimama.

"Chakula umebadilisha?"

"Hapana."

"Dawa?"

"Hapana, baba."

"Uliomba siku kumi. Hukuomba mwezi, hukuomba siku mbili. Kuna kitu ulikuwa unakisubiri." Akaliweka yai mezani, akalizuia kwa kidole lisibingirike. "Yule kijana alisema mwanga."

Shangazi alilikunja gazeti, baba akageuza uso upande wetu.

"Nani amebadilisha balbu?"

"Mimi," nikasema.

"Ilikuwa imeungua tangu lini?"

"Nadhani tangu mvua zianze. Karibu miezi miwili."

Akatikisa kichwa, polepole, kama anayekubali bei. "Na siku ile ya skrubu?"

"Hakukuwa na taa, baba."

"Ukapiga magoti ukatafuta."

"Ndiyo."

Nilitaka anikaripie. Akabana midomo kwa mkono, na shangazi akaanza kulia waziwazi. Kisha baba akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kesho utoe zile bahasha. Anza na ya mwalimu. Mwambie fundi amestaafu, usimwambie zaidi. Mkanda mbadilishie wewe, ni kazi ya dakika tano, nitakuelekeza."

"Na saa ya mama?"

"Hiyo niachie."

Kuku hakuwataja, na hakuna aliyemkumbusha zile siku kumi.

Mchana kutwa alikaa kwenye baraza ya nyuma. Kuku walimzunguka miguuni naye hakusogeza miguu. Jua lilipozama alinyanyuka, akashika ukuta waziwazi, mara ya kwanza mbele yetu, akaingia chumbani kwake. Mlango hakuufunga. Nikasikia swichi, ta! Halafu sauti yake.

"Inawaka?"

Nikainuka nikaenda mpaka mlangoni, nikatazama kwa hakika kabla ya kujibu.

"Inawaka, baba."